Ukurasa wa Mwisho Kwanza

Uwera hakuwahi kuanza riwaya bila kujua inaishaje. Akipata kitabu kipya hukinusa kwanza, kisha hukigeuza, akafungua ukurasa wa mwisho na kuusoma hapohapo amesimama, kama anavyokagua pindo la gauni kabla ya kulitoa kwa mwenyewe. Wapenzi wakioana, anavuta kiti aanze. Wakiachana, anavuta kiti vilevile, ila anajua mapema nani wa kutompenda. Kitu alichokikataa katakata ni kushtukizwa.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Miaka minne nyuma alikuwa mchumba wa Bayingana, kijana mchangamfu aliyeahidi kila kinachoahidika: nyumba Kanombe, watoto wanne, na kwamba akienda kusoma Kanada atarudi kabla mvua za masika hazijakatika. Mvua zilikatika, zikaja nyingine, na habari za harusi yake ya huko zilimfikia Uwera kupitia picha kwenye simu ya mteja aliyekuja kupunguziwa kiuno cha sketi. Uwera aliipunguza sketi ile bila kukosea hata nusu inchi. Mteja alipoondoka alifunga mlango, akalia siku tatu. Siku ya nne akaazima riwaya kwa jirani, akaanza na ukurasa wa mwisho, na hajaacha tangu hapo.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, cherehani mbili, na chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, hapo Nyamirambo, Kigali, ambacho ndicho kiwanda na ndicho maktaba. Riwaya zilikuwa zaidi ya mia, kila moja imevikwa jalada la masazo ya kitenge, zimerundikwa sakafuni hadi usawa wa dirisha. Wanawake wa mtaa walikuja kupimwa gauni wakaondoka na kitabu. Na ndani ya kila kitabu Uwera alibandika kwa pini kipande cha kaki, ile karatasi ya kahawia anayochorea mitindo, na juu yake maoni yake kwa penseli. Watu waliziita kaki za Uwera. Wapo walioazima vitabu kwa ajili ya kaki tu.

Ya *Mke wa Daktari Mpole* ilisema: "Msichana analia katika kurasa arobaini na moja, nimehesabu. Machozi yote hayo, na hata siku moja hapengi kamasi. Simwamini."

Ya *Harusi ya Ijumaa Mbili* ilisema: "Gauni ni jekundu sura ya tatu, sura ya nne ni la bluu. Mwandishi hajawahi kushona hata kifungo. Lakini mama mkwe amemweza. Someni kwa ajili ya mama mkwe."

Jumapili ile, saa nane mchana, Vestine msusi wa nyumba ya pili aliingia akakitupa kitabu juu ya meza ya kukatia.

"Wewe sha, umeniharibia kitabu," alisema. "Kaki yako imeandika yule Majaliwa ni mwongo. Mimi nilikuwa nampenda Majaliwa!"

"Ni mwongo."

"Ni mwongo, yego, ariko ungeniacha nijionee mwenyewe. Nimesoma kitabu kizima namwangalia vibaya." Vestine alikaa kwenye stuli, akavuta kitabu kingine kwenye rundo, akakipekua. "Na hii, *Nimekusamehe Jumanne*, kaki yake iko wapi? Naona matundu ya pini tu."

Uwera alikipokea. Kweli, matundu mawili, kaki hakuna. Aliyekiazima mwisho alikuwa Sangwa, fundi seremala wa Agakiriro, lile soko la mafundi kule Gisozi.

"Itakuwa imedondoka," alisema, akainama kwenye cherehani ili Vestine asimwone uso.

Maana tuseme ukweli, huyo Sangwa alikuwa ameshaingia moyoni mwa Uwera na kufunga mlango nyuma yake. Miezi minane iliyopita alikuja kushonewa mfuko wa ovaroli uliochanwa na patasi. Alisubiri ameketi, akaokota riwaya sakafuni, akasoma kurasa tatu kwa kidole, akauliza kama wanaume nao huazima. Tangu hapo kila wiki mbili alipanda kilima hiki, akarudisha kitabu kimoja na kuchukua kingine. Maneno yake yote ya miezi minane yangetosha kwenye kaki moja. Lakini mwezi wa tatu Uwera alijikuta anasikiliza miguu ya wapita njia, na mwezi wa tano alishajua miguu ya Sangwa ni ipi. Hilo hakuliandika popote. Hakumwambia hata mama.

Leo Sangwa alikuwa analeta rafu ya vitabu. Vestine alikuwa ameshaondoka, na Uwera alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili, mama yake alipoingia kutoka barabarani na kukaa juu ya stuli bila kuvua ushungi.

Mukantwari alikuwa mwanamke wa kutembea haraka na kusema polepole. Alipoanza kwa kunyamaza, kulikuwa na jambo.

"Uwera, mwana wanjye. Natoka kwa baba yako mdogo."

"Hajambo?"

"Usumani hajambo. Iko na hasira, ariko hajambo." Alikunja mikono mapajani. "Ule fundi wako wa mbao, Alhamisi aliingia kwa duka ya Usumani. Usumani akafikiri anauza kabati, akamwambia leo hatununui. Fundi akatoa kofia, akakaa kwa kiti, akasema amekuja kuomba wewe."

Cherehani ilinyamaza.

"Kuniomba mimi?"

"Kukuoa! Peke yake! Hakuna mzee, hakuna mujomba, hakuna hata rafiki wa kumshikia kofia. Mana yanjye! Wapi uliona mutu anajifatia irembo mwenyewe?"

Uwera hakuwahi kuona, wala mtu yeyote wa mtaa huo. Kufata irembo, ile ziara ya kwanza ya kuja kusema kwamba lango la nyumba hii tumeliona na tunalitaka, ni kazi ya wazee. Bwana harusi siku hiyo hukaa kwao akila kucha.

"Na baba mdogo alimjibu nini?"

"Alimuuliza anaswali wapi. Akasema musikiti wa Gisozi, hapo akapita. Alimuuliza mama yake iko wapi. Akasema Karagwe, ng'ambo ya mpaka, huko alikulia. Hapo ndipo Usumani akafunga uso." Mukantwari alishusha sauti. "Mutu wa mbali tena, Uwera. Ule wa kwanza tulimpa chai, tukampa baraka, akapanda ndege. Huyu hata ndege hahitaji, basi ya asubuhi inamutosha. Usumani anakuja leo baada ya alasiri. Anataka kusikia kwa mudomo wako. Ukisema ndiyo, atamwambia alete wazee. Ukisema hapana, irembo imefungwa, na fundi asikanyage tena hapa."

"Leo?"

"Leo. Amesema hatangoja tena kama alivyongoja barua za Kanada."

Uwera aliinuka, akakaa, akainuka tena. Hasira ilimpanda hadi masikioni, na ajabu ni kwamba haikumpanda kwa ajili ya baba mdogo. Miezi minane mwanamume anakaa kwenye stuli hii, anakunywa chai yake, hasemi lolote, kisha anaenda kumwambia mzee wa dukani!

"Na yeye ndiye huyo anakuja," alisema, maana miguu ilishasikika.

Sangwa alipiga hodi akiwa na mbao begani na mfuko wa vyombo mkononi. Alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi hata siku za kupumzika. Alimwamkia Mukantwari kwa mikono miwili. Mukantwari aliitikia, akamtazama kutoka kofia hadi viatu, kisha akasema anakwenda kuangalia maharage, ingawa maharage yalikuwa yameiva tangu saa tano.

Sangwa alipanga mbao sakafuni, akatoa skrubu, akaanza kufunga. Uwera alirudi kwenye cherehani na kushona mshono usiokuwa na kazi.

"Umenuna," Sangwa alisema baada ya muda.

"Sijanuna."

"Umeshona mkono wa blauzi ukaufunga."

Uwera aliangalia. Kweli, mkono ulikuwa umezibwa kama mfuko. Aliutupa mezani.

"Ulikwenda kwa baba yangu mdogo."

Bisibisi ilisimama. "Nilikwenda."

"Bila kuniambia."

"Ndiyo."

"Sangwa, mimi ni gunia la mchele? Mtu anaulizia dukani, akiambiwa lipo anabeba? Miezi minane! Hujaniambia hata kwamba chai yangu ni tamu, unakwenda kumwambia mzee Usumani unataka kunioa?"

Sangwa aliweka bisibisi chini. Alifungua mfuko wa kifuani, ule ule ambao Uwera aliushona mara ya kwanza, akatoa karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne. Uwera aliijua kabla haijakunjuliwa.

"Nilifuata ulivyosema," alisema Sangwa.

"Nilivyosema wapi?"

Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. "'*Nimekusamehe Jumanne*. Hatimaye mwanamume mwenye adabu! Hamvizii msichana njiani, hamwandikii mafumbo. Anaingia nyumbani, anavua kofia, anawaambia wakubwa anachotaka. Wangekuwa wote hivi, mimi sasa ningekuwa na watoto watatu.'"

Kule jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, na hakuna aliyekiokota, hivyo ni wazi kuna mtu alikuwa anasikiliza.

"Hiyo niliandika kuhusu kitabu," alisema Uwera.

"Najua."

"Yule msichana wa kitabuni ana miaka kumi na tisa! Na alishamkubali kwenye sura ya pili, chini ya ngazi! Hukuisoma sura ya pili?"

"Niliisoma. Nikadhani ya chini ya ngazi si lazima. Nyumba yenu haina ngazi za ndani."

Uwera alitaka kucheka, akajizuia, maana hasira yake bado ilikuwa na haki yake. "Watu hawaoi kwa kaki, Sangwa. Ukitaka kujua ninachofikiri si uniulize?"

"Nilikuuliza."

"Lini?"

"Mara tatu." Sangwa alihesabu kwa vidole vyenye makovu. "Mwezi wa Ramadhani nilikuuliza kama una mpango wa kuolewa. Ukaniambia kuna riwaya moja mwanamke aliolewa haraka akajuta, ukanipa nikaisome. Mwezi uliofuata nikakuuliza mwanaume wa namna gani anakufaa. Ukanisimulia yule nahodha wa *Chumba cha Uani*, kwa nini humtaki, nusu saa nzima. Mara ya tatu nikakuuliza kama una huzuni, kwa sababu macho yalikuwa mekundu. Ukasema umemaliza kitabu kibaya." Alitazama sakafu. "Kila nikikugonga wewe, mlango anafungua mtu wa kitabuni. Sasa mimi nikusome wapi, kama si kwenye kaki?"

Uwera alijaribu kumkumbuka mwanamke wa riwaya aliyewahi kuambiwa maneno kama hayo, apate pa kushika, na aliona aibu kujikamata akifanya hivyo.

"Mimi si msomaji," Sangwa aliendelea, sasa maneno yalikuwa yametoka na hayakurudi. "Nilipokuwa shule Karagwe nilisoma vya mtihani tu. Nimemaliza riwaya zako kumi na sita, pale karakana, wenzangu wakila mchana. Wananiita mwalimu. Mafundi wote wa kwenye vitabu hivyo ni watu wa hasira, sijui kwa nini, na hakuna hata mmoja anayepima ubao kabla ya kukata. Lakini kaki zako nazisoma mara mbili mbili. Ukimcheka mtu unamcheka kwa huruma. Ukimpenda unamtafutia kosa dogo ili isionekane unampenda. Ile ya mama mkwe wa Ijumaa Mbili ilinifanya nicheke peke yangu ndani ya basi. Nikasema, huyu mwanamke nikikaa naye mpaka uzeeni sitachoka."

Alikuwa na macho ya kahawia yasiyokimbia. Miezi minane Uwera alikuwa ameyaiba kwa kuangalia kupitia kioo cha kupimia nguo. Leo aliyatazama ana kwa ana, akashika ukingo wa meza.

"Nilikosea kuanza kwa mzee," alisema Sangwa. "Nisamehe. Nakuuliza wewe sasa."

Uwera alivuta stuli, akakaa karibu naye, karibu kuliko alivyowahi.

"Nitakwambia kitu ambacho si cha kitabu," alisema. "Mimi nasoma mwisho kwanza."

"Nimeona. Vitabu vyako vyote vimechakaa nyuma kuliko mbele."

"Unajua kwa nini?"

"Vestine aliniambia habari za Kanada. Sikumuuliza, aliniambia tu."

"Aliahidi kila kitu," Uwera alisema. "Mwezi, tarehe, rangi ya mapazia. Nikaamini, kwa sababu alikuwa anajua kusema. Na mimi niliijua riwaya yetu yote isipokuwa ukurasa wa mwisho." Alijifuta jicho kwa pembe ya kitambaa, kisha akapenga kamasi kabisa, kwa sauti, bila kujali. "Sasa wewe. Mama yako yuko Karagwe. Dada yako yuko Karagwe. Utaondoka?"

Hapo ndipo mwanamume yeyote wa riwaya angepiga magoti. Sangwa alifikiri.

"Leo siondoki," alisema hatimaye. "Kesho nina kitanda cha mteja wa Kimironko. Nina karakana, nina vijana wawili nawafundisha, na sijawahi kupenda mahali kama ninavyopenda kupanda kilima hiki. Mama akiugua nitakwenda kumuuguza, na nitataka twende wote. Zaidi ya hapo sijui, Uwera. Ukurasa wa mwisho nisingekunyima, ila hata mimi sinao."

Aliinama kwenye mfuko wa vyombo, akatoa kitabu kilichofungwa gazeti. "Dada yangu amekutumia hiki. Nilimwambia kuhusu kaki."

Uwera alikipokea, na kabla hajajua vidole vyake vinafanya nini, vilikuwa vimeshakigeuza. Nyuma hakukuwa na kitu. Jalada lilikuwa limeng'oka pamoja na kurasa za mwisho, na karatasi iliyobaki iliishia katikati ya sentensi: *Aliinua macho, akamwona amesimama mlangoni na*

"Na nini?"

"Sijui. Kilimfikia hivyo hivyo. Amesema ni kizuri mno hata hivyo."

"Siwezi kusoma kitabu kama hiki."

"Sawa," Sangwa alisema, bila kukasirika. Akaokota bisibisi, akarudi kwenye rafu.

Alikuwa anafunga rafu ya juu kabisa mzee Usumani alipoingia, na kanzu yake safi, fimbo yake na harufu yake ya bidhaa za dukani. Hakumsalimia Sangwa kwa jina. Alikaa kwenye kiti kizuri, akapokea chai kutoka kwa Mukantwari, akatazama ukutani.

"Bon. Fundi, ile ya juu imelala upande."

"Iko sawa, mzee." Sangwa aliweka pimamaji juu yake, akamwonyesha. "Tazama kiputo kimekaa katikati."

"Mimi natumia macho."

Sangwa alisogeza pimamaji hadi mwisho wa rafu, akainama, akatazama tena. Kisha akalegeza skrubu moja. "Kweli, mzee. Hapa mwisho imeshuka kidogo."

Usumani alikunywa chai, na Uwera, anayemjua, aliona kwamba chai hiyo imemwingia vizuri kuliko kawaida.

"Fundi, tupishe kidogo."

Sangwa alitoka akakaa nje kwenye ngazi za barazani, mgongo kwao, kofia magotini. Mukantwari alivuta pazia, lakini pazia lile lilikuwa la kitambaa chepesi na kila mtu alilijua hilo.

"Uwera," alisema Usumani. "Baba yako aliniachia wewe na mama yako. Ule wa Kanada alikuja na wazee sita na kreti za fanta na maneno tamu, nikafungua irembo kwa mikono yangu hii. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba mdogo."

"Huyu amekuja na kofia tu. Nimeuliza watu Gisozi. Wanasema kazi yake ni nzuri, na mudomo wake hauna fujo. Ariko kwao ni mbali. Akienda asirudi, mimi nitakuona tena unashona na macho imevimba. Unajua atabaki?"

"Sijui."

"Amekuahidi?"

"Hapana. Nimemuuliza, amesema hajui."

Mukantwari alishika kifua. Usumani aliweka kikombe chini. "Hajui! Sasa wewe unajua nini, mutoto wangu?"

"Baba mdogo, kuna riwaya moja ambayo..." Uwera alianza, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye rundo. Aliusimamisha hewani. Ng'ambo ya pazia alimwona Sangwa akiizungusha kofia vidoleni, pole pole, raundi baada ya raundi, mwanamume mwoga kuliko alivyojionyesha. Aliurudisha mkono, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

"Najua nampenda," alisema. "Nampenda tangu mwezi wa tatu. Na najua nimechoka kuogopa. Wazee wake waje."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ya kumwambia mteja gauni litakuwa tayari lini. Nje, kofia iliacha kuzunguka.

Usumani alimtazama sana. Kisha alimtazama Mukantwari, ambaye alikuwa anajifuta machozi kwa ushungi na kutikisa kichwa kukubali, vyote kwa pamoja.

"Bon," alisema mzee, akaegemea fimbo kuinuka. Alisogeza pazia. "Fundi! Uko na mujomba hapa Kigali?"

Sangwa alikuwa ameshasimama. "Ninaye mmoja, mzee. Anakaa Kagugu."

"Jumamosi aje. Na wazee wengine wawili wanaojua kuongea. Wewe ubaki kwenu, usisikike. Umesikia? Hata kukohoa, usikohoe."

"Nimesikia, mzee."

"Na umalize hiyo rafu."

Sangwa aliimaliza. Alipanga vitabu pamoja na Uwera, yeye vya juu, Uwera vya chini, na kila mikono ilipokutana katikati hakuna aliyeharakisha kuondoa wake. Hawakusema mengi. Kwenye kitabu cha *Nimekusamehe Jumanne* Uwera alirudisha kaki mahali pake, akaibana kwa pini, kisha akaifikiria, akaitoa.

"Hii baki nayo," alisema. "Lakini ujue ile sura ya chini ya ngazi ilikuwa ya lazima."

"Ngazi za barazani zinafaa?"

"Nenda, Sangwa," alisema Uwera, akicheka sasa waziwazi. "Kabla baba mdogo hajabadilisha mawazo."

Alisikiliza miguu ile ikishuka kilima hadi ikachanganyika na miguu mingine. Kisha alivuta stuli karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga wa jioni ulikuwa bado mzuri, akakivisha kile kitabu cha Karagwe jalada la kitenge, mbele na nyuma, na kukifungua ukurasa wa kwanza.

Mukantwari aliingia na sahani ya maharage. Herufi zilikuwa zinamsumbua, lakini hadithi alizipenda, na kila binti yake alipoanza kitabu kipya alikuwa na swali moja, lilelile la miaka minne.

"Hicho kinaishaje?"

"Sijui, mama," alisema Uwera bila kuinua macho. "Kaa nikusomee."